Lori la Nkungu na Maji Ambayo Sikuyaonja

Kwa jina la Yeye aliyetupa mikono, kisha akaipa mikono kazi, naanza.

Ndugu zangu wa garajini, siku mliyoniaga mlinipa kanzu mpya na seti ya spana. Kanzu nimekwisha kuivaa Ijumaa kadhaa. Spana nilizificha chini ya kitanda, kwa sababu mama watoto alikuwa ameelewa kwamba nimestaafu, na sikuwa nimepata njia nzuri ya kumweleza. Mliniomba pia niandike ninayoyakumbuka ya kazi yetu, wasome wale wanaoingia sasa. Nilidhani nitaandika mengi. Nilipokaa na daftari, mengi yalijiweka pembeni yenyewe, likabaki lori moja. Mtanisamehe. Nitaanza mwanzo kama inavyopasa, lakini njia yote hii inapanda mlima wa Nkungu.

Nilipofika kwa Mwalimu Rajabu, hapa hapa Kamembe, nilikuwa nimetoka madrasa. Nilikuwa nimehifadhi sehemu nzuri ya Kurani na sikujua tofauti ya spana namba kumi na tatu na namba kumi na nne. Mwalimu Rajabu hakuwa mwalimu wa shule. Tulimwita hivyo kwa sababu karibu kila fundi magari wa mtaa wetu alipita mikononi mwake, na kwa sababu alipenda kujibu swali kwa swali. Siku ya kwanza hakunipa spana yoyote. Alinipa bakuli la mazutu, yaani dizeli, brashi na rundo la bolti chafu.

"Zioshe, kisha uzipange juu ya gunia," akasema. "Unajua kupanga safu?"

"Safu ya swala najua, Mwalimu."

"Basi ni hiyo hiyo. Bega kwa bega, hakuna mwanya, na kila mmoja akae pale alipofikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Kila kinachotoka kwenye injini kinalazwa juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka, na kinarudi kwa mpangilio huo huo ukisomwa kinyume. Gunia likibaki tupu, kazi imekwisha. Kikibaki kitu, hata kiwe kidogo kama kishikizo cha shati, kazi haijakwisha. Mwezi wangu wa pili kilibaki kiringi kimoja cha shaba. Nikakitia mfukoni, nikanawa mikono, nikaelekea mlangoni kama mtu anayewahi adhana. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Hamimu, hicho kilichoko mfukoni nacho kinakwenda kuswali?"

Tuliifungua ile injini upya. Alikaa nami mpaka mwisho, hakunikaripia hata mara moja, na ndiyo maana sijasahau. Namshukuru Mungu kwa mwalimu asiyepiga kelele. Kelele za garaji zinatosha.

Njia yake ya pili ilikuwa ulimi. Mwalimu Rajabu alionja karibu kila kinachotiririka kwenye gari. Esanse, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta ya taa aliitambua kwa ncha ya ulimi kabla mwenye gari hajamaliza kuapa. Maji ya betri hakuyaonja. Alisema amebakiwa na meno machache na anayahitaji.

"Macho yanadanganywa na oili," alituambia, "kwa sababu oili inapaka kila kitu rangi moja. Pua nayo inachoka. Ulimi ndio unaobaki. Onja, tema, sukutua. Kisha ndiyo useme."

Najua leo mnayo mashine ya kuchomeka kwenye gari ikawaandikia ugonjwa. Itumieni, ni neema. Hata daktari wangu ameniambia anashangaa kwamba ini langu bado linanisalimia. Lakini yashikeni maneno matatu ya mwisho ya Mwalimu. Kisha ndiyo useme.

Mwezi wa Ramadhani wengi wetu tulimuuliza itakuwaje. Alijibu kwa swali, kama kawaida yake. "Mama yako akipika mchuzi wa futari, anajuaje chumvi imetosha?" Mpishi anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema, na funga yake iko salama, maana ana haja. Mlango huo wa fiqhi niliujua vizuri. Nilikuwa nimeusoma, na baada ya miaka kadhaa kazini nikawa naufundisha watoto wa madrasa jioni. Kumbukeni hilo, maana ndilo linalonishtaki.

Sasa nije kwa Papa Anastazi. Alizaliwa na kukulia ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, Kongo, na aliporudi huku, nchi ya wazazi wake, pamoja na familia yake, walirudi na lori la buluu lililobeba kila kitu: vitanda, sufuria, mbuzi wawili, na mkewe Maman Konsolata mbele, na sanamu ya Bikira Maria mapajani. Lori walilipa jina la Mugabo, yaani mwanamume, kwa sababu lilipanda mlima bila kulalamika. Walipata shamba Nkungu, wakapanda migomba na kahawa, na Mugabo ndiye aliyeshusha mazao mpaka sokoni kwetu. Jumapili lilibeba wanakwaya. Papa Anastazi alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevua kofia hata akizungumza na sisi wenye mikono ya oili.

Ilikuwa Ramadhani, mvua inanyesha kila mchana, alipoteremka kwa miguu kuja garajini. Taa ya oili ya Mugabo ilikuwa imewaka njiani, akazima injini papo hapo, wanaume wa mlimani wakasukuma lori mpaka nyumbani kwake. Mwalimu Rajabu alikuwa na homa. Akaniambia niende peke yangu. Nilikuwa nimekaa miaka kumi kazini na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutumwa kutoa hukumu kwenye injini ya mtu bila yeye kuwa nyuma yangu. Nilipanda Nkungu nikijiona mrefu kidogo kuliko nilivyo.

Mugabo lilikuwa limeegeshwa uani. Boneti walikuwa wameiondoa zamani ili injini ipumue ikipanda mlima. Kifuniko cha tundu la kutilia oili kilikuwa kimepotea, wakaziba kwa gunzi la mahindi. Nikacheka.

"Inashika muzuri, Fundi," Papa Anastazi akajitetea. "Nabadirishaka kila mavuno."

"Na radiata, Papa, maji yanapungua?"

"Ilikuwa inalia machozi pembeni. Nikaipatia pilipili. Sasa imenyamaza kidogo."

Wapo kati yenu msiojua dawa hiyo. Zamani radiata ikivuja tundu dogo, watu walitia unga wa pilipili ndani ya maji, ukaenda kuziba tundu. Haikudumu, lakini ilikufikisha nyumbani.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Nikalala chini ya injini, nikalegeza bolti ya chini, na kabla ya oili yakaja maji, kikombe kizima, yameguswa na weusi. Nikakaza bolti. Radiata nayo ilikuwa imepungua. Kila mmoja wenu anaweza kuimaliza hesabu hiyo mwenyewe: maji yamepungua juu, maji yameonekana chini, basi bloki imepasuka ndani na maji yanapita.

Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya kabla ya kusema. Maji yale ya radiata yalikuwa na pilipili. Kama yale ya chini yalitoka kwenye radiata, ulimi ungejua mara moja. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Maman Konsolata alikuwa amesimama pale, na majirani kama sita, Wakristo wote, wanamwangalia Mwislamu aliyefunga. Nikawaza: nikionja, watasema huyu naye funga yake ni ya mdomoni tu. Nikawaza pia kwamba mwalimu wa madrasa anapaswa kuwa mkali kwa nafsi yake kuliko kitabu kinavyotaka. Nilijiona mchamungu sana. Nikamwaga kikombe kwenye majani ya migomba.

"Papa Anastazi," nikasema, "sitaki kukudanganya. Bloki imepasuka. Utanunua vyuma, utatulipa kazi, na haitapona. Usiiharibie fedha."

Alivua kofia. Akakaa juu ya ngazi ya lori, akaipigapiga bodi kwa kiganja kama mtu anavyompigapiga ng'ombe mgonjwa. Kisha akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema fundi mwingine angemla mpaka mfupa.

Jioni nilikwenda kumsalimu Mwalimu. Alikuwa amelala, blanketi mpaka kidevuni. Nikamweleza. Akauliza neno moja.

"Umeonja?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Adhana ya magharibi ilikuwa bado. Nilijiambia kutikisa kichwa si kusema. Tazameni basi nilichofanya siku ile: mdomo niliulinda usiguswe na tone la maji ambalo sheria iliniruhusu, kisha nikautumia, hata bila kuufungua, kwa uongo ambao sheria inasema unaila funga yote. Nilifuturu tende na uji wa moto nikiwa nimekwisha kula tangu alasiri.

Neno la garaji ya Rajabu lilikuwa neno la mwisho mlimani. Hakuna fundi mwingine aliyeitwa. Mugabo likasukumwa chini ya kibanda cha mabati, na familia ikaanza kushusha ndizi kichwani. Mkungu mmoja mmoja, kutoka Nkungu.

Idd ilipofika, kabla ya adhuhuri, Papa Anastazi alibisha mlangoni kwangu na mkungu mkubwa wa ndizi. "Ni ya kushukuru," alisema. "Ulisema kweli. Haukukula jasho yangu." Mwaka uliofuata akaleta tena. Na uliofuata. Alipofariki, nilikwenda maziko, nikadhani mambo yamekwisha. Idd ya mwaka ule mkungu ulikuja, umeletwa na binti yake Donata, kwa salamu za mama. Miaka ishirini na saba haujakosa. Mimi nami kila mwaka niliupokea, nikasema alhamdulillahi, na kila mwaka ndizi zile ziliiva haraka kuliko nilivyotaka.

Sikujua kwamba nilikosea. Nataka mnielewe hapo. Nilichojua ni kwamba sikuonja. Mtu anaweza kuishi na jambo kama hilo muda mrefu, kama unavyoendesha gari lenye mlio mdogo: unaongeza sauti ya redio. Mwalimu Rajabu aliondoka duniani, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumwambia. Niliwafundisha ninyi kuonja, nikawakaripia mliposema bila kuonja, na baadhi yenu mlidhani ni ukali wa uzee.

Mwaka huu, Ramadhani ya kwanza ya kustaafu kwangu, Donata alinipigia simu. Sasa ni mama mtu mzima, ndiye anayesimamia shamba.

"Papa Hamimu, kaka wa Kigali anataka tuuzishe Mugabo kwa batu ba vyuma. Banakuya siku ya posho kuikata. Miye sitaki. Nilikuwa napanga kuitengeneza, kahawa yetu inaoza juu ya kukosa kamio ya kuibeba. Lakini kaka anasema muntu hatengenezi maiti."

"Na Maman anasemaje?"

"Maman anasema hivi: alisemaka imekufa ni Hamimu. Basi akuye mwenyewe, aiangalie tena, aseme. Kama ni kufa, aizike na neno yake."

Nikapanda Nkungu siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya hiyo posho yao, yaani Jumamosi. Donata alinitangulia kibandani. Kuku walikuwa wanalala kwenye usukani. Panya walikuwa wamekula nyaya zote za taa, matairi yalikuwa yamekaa chini kama wazee kwenye mkeka, na gunzi la mahindi lilikuwa bado mahali pake, limekauka, linacheza kwenye tundu. Nililivuta kwa vidole viwili. Lilitoka bila kubisha. Nikatazama juu, nikaona anga kupitia tundu la bati, nikakumbuka kwamba wakati ule hapakuwa na bati, hapakuwa na boneti, na mvua ilikuwa inanyesha kila mchana.

Moyo ukanishuka. Lakini moyo nao si kipimo.

Nikalala chini ya injini. Kulala nililala vizuri. Kuinuka ndiko kulikuwa kazi. Nikalegeza bolti ya chini, na baada ya miaka ishirini na saba yakatoka maji tena, yaliyokaa chini ya oili yakinisubiri. Nikakinga kidogo kwenye kikombe. Nikatia ulimi.

"Mzee!" Donata akapiga kelele. "Si muko mumefunga?"

Nikatema, nikasukutua. "Tumefunga, mwanangu. Kuonja si kula."

"Na kama inakushuka?"

"Nitalipa siku moja. Kuna nyingine ya zamani nadaiwa pia."

Nilionja kutu na oili iliyooza. Pilipili, hakuna. Nikasema labda miaka imeiua. Nikaenda kwenye radiata, nikafungua mdomo wake. Ilikuwa kavu, na ndani ilikuwa na ukoko mwekundu. Nikakwangua kwa kucha, nikalowesha, nikaonja. Ulimi uliwaka mpaka sikioni. Miaka haikuwa imeua kitu.

Bado sikusema. Niliziba tundu la chini la maji ya injini kwa kipande cha mti kilichofungwa mpira, nikaimwagia bloki maji kutoka juu mpaka yakajaa, nikaacha bolti ya oili wazi na bati jeupe chini yake. Kama kulikuwa na ufa, maji yangetafuta njia. Niliswali adhuhuri pale kibandani, nikakaa. Niliswali alasiri. Nikarudi kutazama. Juu maji yalikuwa pale pale mdomoni. Chini, bati lilikuwa kavu. Kuku alikuwa amesimama juu yake.

Bloki haikuwa imepasuka. Haikupasuka kamwe. Ilikuwa mvua, iliyopita pembeni ya gunzi la mahindi. Kazi yote iliyohitajika siku ile ilikuwa kumwaga oili chafu, kutia oili mpya, na kununua kifuniko.

Donata alikuwa ameelewa kutoka usoni mwangu kwamba kuna habari njema. "Inapona?" akauliza. "Papa Hamimu, inapona?"

Hapa nitawaambia shetani anavyosema na fundi. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia niseme kweli nusu: ndiyo, inapona. Siku hizi kuna vifaa, kuna ujuzi mpya. Mngenisifu, Maman Konsolata angenibariki, na mikungu ingeendelea kuja. Kila neno lingekuwa kweli.

"Inaweza kupona," nikasema. "Lakini nipeleke kwanza kwa Maman."

Maman Konsolata alikuwa amekaa mlangoni akipembua maharagwe. Macho yake hayaoni mbali tena. Anapembua kwa vidole, na vidole vyake havikosei. Nilikaa kwenye mkeka, chini yake. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama vitu juu ya gunia: kikombe, majirani, kiburi changu nilichokiita ucha Mungu, kichwa nilichotikisa mbele ya mwalimu wangu, na maji ya leo.

Vidole vilisimama.

"Ile pilipili," akasema, "nilitwangaka miye."

"Ndiyo, Maman."

"Na haukuonja."

"Sikuonja."

Donata alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Papa Anastazi alikuwa anabeba ule mukungu juu ya kichwa," Maman Konsolata akasema. "Kutoka hapa mpaka kwako. Kila Idd. Goti yake ilikuwa imeharibika, alikuwa anabeba tu. Namwambia tuma mutoto. Anasema hapana, huyu muntu alinisemea kweli, nampelekea miye mwenyewe."

Nilimwomba anisamehe, kwa Mungu wake ambaye ndiye wangu, na nikamwambia kama akiniruhusu nitalitengeneza lori kwa mikono yangu hii iliyostaafu, mpaka litembee.

"Na batu ba vyuma, Maman?" Donata akauliza polepole.

"Sijasema kitu." Vidole vikaanza tena kwenye maharagwe. "Jua inaenda. Hamimu, shuka ukafuturu kwa batu yako. Usikufie kwenye mulima yangu."

Nikashuka. Siku ya posho ilipita, Donata hakupiga simu. Mimi sikupiga, anayeomba msamaha hasimamii mlango wa mtu. Sikujua kama Mugabo bado liko zima au limekatwa vipande na kupakiwa. Lakini mikono ilihitaji kitu cha kufanya, kwa hiyo kila siku baada ya adhuhuri nilichukua daftari hili hili na kuandika mpango wa kulifufua, kana kwamba lipo. Ninauweka hapa, maana mtaweza kuutumia kwa injini yoyote iliyolala.

Kwanza, usilazimishe. Injini iliyokaa miaka pistoni zake zimeshikana na kutu, na mwenye haraka ataweka manivela mbele, yaani mkono wa chuma wa kuzungushia injini, atasimama juu yake kwa uzito wote na kuvunja kitu ambacho kutu haikuvunja. Toa sindano za mazutu, mimina kwenye kila silinda oili nyepesi iliyochanganywa na mazutu, funika kwa kitambaa, ondoka. Rudi baada ya siku tatu, ongeza. Subira hiyo iendelee wiki mbili. Kisha shika manivela kwa mkono mmoja tu, usukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikitingishika unene wa kucha, shukuru, uache mpaka kesho. Wakati inalowa, teremsha tangi la mazutu ulioshe, maana ndani kuna tope. Fungua breki zote, kila mpira utupwe, hata unaoonekana mzuri. Panya wapewe talaka kabla hujavuta nyaya mpya. Karteri, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, itolewe, isuguliwe, na bearingi zitazamwe moja moja, kwa sababu maji yalikaa pale. Namshukuru Papa Anastazi kwamba alizima injini taa ilipowaka. Wengi wangesema twende tu, tumekaribia. Yeye ndiye aliyeiokoa injini yake. Mimi ndiye niliyemnyima habari.

Nilivyokuwa nikiandika hayo, Ramadhani iliisha.

Siku ya Idd tuliswali, tukarudi, nyumba ikajaa wajukuu na harufu ya pilau. Nilikaa mahali ninapoweza kuona mlango. Mkungu wa Nkungu hufika kabla ya adhuhuri. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nikaenda msikitini, nikarudi, mlangoni hapana kitu. Mama watoto, ambaye nilimweleza kila kitu nilipoteremka mlimani, alipita na sinia, akanitazama. Nikajiambia: ni haki. Mkungu ule ulikuwa wa msema kweli, na sasa wanajua anwani ilikosewa. Nikashukuru kwa miaka yote niliyokula nisichostahili, nikaomba walau lori lisiwe limekatwa.

Karibu na alasiri pikipiki ilisimama nje. Donata aliteremka, na nyuma ya kiti, umefungwa kwa mpira, mkungu mkubwa kuliko yote niliyowahi kupokea.

"Idd njema, Papa Hamimu. Barabara ilikuwa na matope, tulianguka mara mbili. Ndizi haikuumia, miye ndiye niliumia."

Nilitoka mlangoni, nikaanza kuufungua ule mpira.

"Maman anasema usikilize muzuri," akaendelea. "Anasema zile zote za zamani, Papa alikuwa anamutumia fundi mwenye kusema kweli. Anasema yeye huyo fundi amemuona mara ya kwanza mwezi huu. Hii ni yake."

"Na Mugabo?"

"Batu ba vyuma balikuya na mashine yabo. Maman alikaa ndani ya kamio, kwenye kiti ya Papa, na rozari. Baliuliza anashuka lini. Akasema atashuka siku Hamimu ataileta chini na ndizi ndani." Akacheka. "Kaka wa Kigali amekasirika sana. Atatuma matairi."

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa vizuri.

"Na hii ni ya radiata. Ametwanga mwenyewe jana. Anasema wakati huu uonje kwanza."

Nilikifungua. Unga ulikuwa mwekundu, mpya. Hakuna aliyefunga siku ya Idd. Nikachovya kidole, nikaweka ulimini mbele yake, na machozi yakanitoka mpaka kwenye ndevu na kwenye ile kanzu mliyonipa.

"Ni kali, eh?" Donata akasema, anacheka. "Ni pilipili ya Maman."

Nilikuwa tayari kutikisa kichwa. Nikakizuia.

"Ni kali," nikasema. "Lakini machozi haya si ya pilipili peke yake."

Jumatatu napanda. Spana zimekwisha kutoka chini ya kitanda, na mama watoto mwenyewe ndiye aliyezifunga kwenye gunia. Nimetangulia kununua kitu kimoja tu cha lori, nacho kiko mfukoni mwangu ninapoandika, kizito na kipya: kifuniko cha tundu la oili.